Maswali ya Bi Tumu

“Are you married?” Bi Tumu aliniuliza, na kabla sijafungua kinywa akaongeza, “Do you live with your mother?”

Alikuwa amekaa mkekani, daftari mapajani, kalamu ameikamata kama mtu aliyeshika mwiko, na macho yake hayabanduki usoni pangu. Nilimjibu kuwa sijaolewa na kuwa naishi na mama yangu, kwa sentensi kamili kama inavyompasa mwalimu. Aliyarudia majibu yangu kwa sauti ya chini, neno baada ya neno, kisha akatupa jicho kwenye saa ya ukutani. Nyuma ya pazia la jikoni nikasikia kijiko kinasita ndani ya kikombe. Mama yangu alikuwa hajui Kiingereza, lakini hilo neno la kuolewa alilijua vizuri sana. Mwanamke wa mtaa wetu wa Kibokoni aliyekaa na binti wa miaka ishirini na saba ndani ya nyumba angelifahamu hata likisemwa kwa Kichina.

“Sasa niulize kama wapika,” nilimwambia Bi Tumu. Nilisema kwa kejeli. Yeye akaona nimempa zoezi.

“Do you cook?”

Hiyo ilikuwa Julai ya mwaka 1996, na mimi nilikuwa nimeshakata shauri moyoni kuwa huyu mama si mwanafunzi. Katumwa.

Wasiotoka kwetu huenda wakaona ajabu, basi nieleze. Posa haiji nyumbani kwa ghafla. Kwanza hutumwa mwanamke mmoja, mtu mzima, mwenye macho yaonayo, aje kwa sababu yoyote ile: kuuza leso, kuazima chano, kumuulizia jirani aliyehama zamani. Hasemi katumwa na nani. Hukaa, hupewa chai, humtazama msichana akija na trei na akirudi nayo, hutazama visigino vyake, huivuta harufu ya jiko, kisha huaga na kwenda zake na habari zenu zote ndani ya buibui. Wakipendezwa, wazee huja. Wasipopendezwa, hamsikii kitu, na mnaendelea kukaa mkijifanya hamkujua.

Mimi nilishatazamwa. Mwaka 1993 alikuja mama mmoja na furushi la leso, akapunguza bei mpaka mama yangu akaingiwa na shaka na furaha kwa pamoja. Posa ikaja kweli. Halafu ikarudi nyuma. Sababu niliipata miezi mitatu baadaye, kwenye harusi ya watu, nimenyoosha mkono natiwa hina, nikamsikia mwanamke nisiyemjua akimwambia mwenzake kuwa kuna mwalimu mmoja hapa Mji wa Kale, sura anayo, lakini mdomo wake hauna mlango. Walicheka. Na mimi nilicheka, maana hina ilikuwa haijakauka na sikuweza kuinuka. Siku ile niliapa kuwa mtu mwingine akija kunikagua kwa hila, nitamwonyesha mlango huo waliosema sina.

Ndiyo maana Bi Tumu alinikuta nimeshajifunga kibwebwe. Alikuja mara ya kwanza mwezi wa Juni, baada ya Alasiri, na kikapu cha mahamri yaliyofunikwa kitambaa cheupe. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mikono minene ya mtu anayekanda unga kila siku ya Mungu. Alisema anakaa mtaa wa Tudor kwa ndugu yake, Jaffar, mwenye mkahawa, na amesikia kuwa hapa pana mwalimu wa kike anayefundisha wanawake siku za Jumatano na Jumamosi.

“Hata Tudor walimu wako,” nilimwambia.

“Wako,” alisema. “Lakini kule najulikana.”

“Na wataka kusoma nini, bibi?”

“Yale maneno madogo. Makubwa n'nayo. Nyumba, mwana, kula, kwenda, kurudi, hayo nayajua, nilikuwa nikimsikiza binti yangu akisoma zamani. Lakini nikiyaweka pamoja, hayendi. Yamekaa kama watu wasiojuana.”

Sitasema uongo, kama mwalimu nilifurahi. Ndani ya miaka yangu mitano ya kufundisha hakuna mwanafunzi aliyewahi kunieleza vitenzi visaidizi vizuri hivyo bila ya kuvijua. Nilimwandikia ubaoni do, does, is, are, have, has, can, will. Nikamweleza kuwa hivi peke yake kazi yake ni ndogo, lakini kile kitenzi kikubwa hakiwezi kuuliza, wala kukanusha, wala kusema habari ya kesho, mpaka kimoja cha hivi kikisaidie. Akavinakili daftarini kimoja kimoja.

“Kwa hivyo huyu do yuwaja mbele kubisha hodi,” alisema, “kisha ndiyo mwenye maneno aingia.”

Nikamwambia naam, ndivyo hasa. Siku hizi, nikiwa nimeshapita umri aliokuwa nao yeye wakati ule, bado nafundisha hivyo hivyo kwa hodi yake, na wasichana wanafahamu upesi.

Lakini shaka ikishaingia, hata akili ya mtu huwa ushahidi dhidi yake. Kwa nini mwanamke mwenye akili hivi asome leo, na si miaka thelathini iliyopita? Kwa nini akifika hupanda ngazi haraka na kutazama nyuma, na akiondoka hupita kichochoro cha nyuma badala ya barabara ya Ndia Kuu? Kwa nini hataki hadithi, hataki barua, hataki majina ya matunda, anataka maswali tu? Na maswali yenyewe! Una umri gani. Umeolewa. Una watoto wangapi. Nani anakulisha. Una maradhi yoyote. Umewahi kukaa nje ya nchi. Aliniomba nimfundishe kuyauliza, kisha niyajibu mimi kwanza ili asikie jibu lilivyo, na mimi nilikaa pale nikijibu kuwa sina maradhi, sina watoto, nalishwa na mshahara wangu mwenyewe, huku damu inanichemka.

Mama yangu yeye alikuwa peponi. Kila Jumatano na Jumamosi alitoa vikombe vya kabatini, akachoma ubani, akanilazimisha nivae leso mpya juu ya nguo za kazi. “Mtu mzima mwenye adabu zake,” alisema. “Hakuchungulii jikoni hata mara moja.”

“Anachungulia saa.”

“Anahesabu muda wako. Ataka kujua kama una subira.”

Nilimweleza mwalimu mwenzangu Kache, Mgiriama wa Kaloleni aliyekuwa akifundisha hesabu shuleni kwetu na ambaye mambo ya posa zetu yalikuwa yakimchekesha sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasaga kipande cha chaki mezani kwa kidole.

“Swafia, labda huyo mama anataka kusoma tu.”

“Wewe hujui watu wa kwetu.”

“Sawa, siwajui,” alisema Kache. “Lakini muulize basi.”

Kumuuliza! Hilo ndilo jambo ambalo kwetu halifanywi. Ukimuuliza mwanamke aliyetumwa kama katumwa, umejitangaza kuwa unangoja posa. Heshima ni kukaa kimya, na wakati huo huo kwenda kuwauliza wengine habari zake. Nao upande wa msichana huuliza: ukoo gani, kijana yuko wapi, kazi yake nini, anakunywa au hanywi. Mama yangu alitaka tuulize taratibu, kwa kupitia kwa watu wa Tudor aliosoma nao chuo cha Kurani. Mimi sikuwa na taratibu.

Kilichonivunja ni picha. Jumamosi ya mwisho ya Agosti, baada ya somo, Bi Tumu alifunga daftari, akajiweka sawa, akasema kwa haya nyingi, “Mwanangu, huna picha yako ndogo? Ile ya kitambulisho, hii ya uso tu?”

“Ya nini?”

“N'na haja nayo. Nitairudisha Jumatano, inshallah.”

Mama alikuwa ameshaileta kabla sijasema neno. Bi Tumu akaitazama kwa makini, akapima kwa kidole utosi mpaka kidevu, akaitia ndani ya daftari. Alipoondoka mama alinishika mikono yote miwili. “Yuko ng'ambo,” alininong'oneza. “Kijana yuko ng'ambo, Swafia! Picha inakwenda ng'ambo.” Mimi nikaona uso wangu ukipita mikononi mwa wanaume nisiowajua, Dubai au London, mmoja akisema pua na mwengine akisema mdomo. Usingizi sikupata.

Jumatatu shule zilikuwa bado likizo. Nilivaa buibui, nikaenda Tudor, nikaulizia mkahawa wa Jaffar. Haikuwa shida kuupata. Harufu ya mahamri ilinipokea kabla ya kibao. Ilikuwa saa nne asubuhi na meza zimejaa watu. Mwenyewe alikuwa kwenye kaunta, mtu wa makamo, kanzu safi, ndevu zimetiwa hina, mwenye adabu nyingi. Nilimsalimu, akaniitikia na kunivutia kiti upande wa familia.

“Namtafuta Bi Tumu,” nilisema. “Ana kitu changu.”

“Dada yangu yuko nyumbani, anatayarisha ya jioni. Kitu gani, binti?”

Hapo ndipo ulimi wangu ulipofunguka. Nilimwambia anifikishie salamu kwa huyo kijana wao, popote alipo, amwambie kuwa mimi si mbuzi wa kutazamwa meno mnadani, na kuwa mtu anayetaka mke hutuma wazee wake, hatumi mwanamke ajifanye mwanafunzi. Wateja wawili waligeuza shingo. Jaffar hakunikatiza. Aliningoja nimalize, akanimiminia chai kwa mkono wake.

“Mwanafunzi wa nini?” aliuliza.

“Wa Kiingereza.”

“Kiingereza? Dada yangu?” Alicheka kidogo. “Tangu lini?”

“Tangu Juni. Jumatano na Jumamosi, baada ya Alasiri.”

“Mimi naambiwa yuko kwenye darsa la dini,” alisema, kama mtu anayezungumza na nafsi yake. Kisha akaniuliza kwa upole maswali mawili matatu: tunasoma nini hasa, anapenda kuulizwa nini. Na mimi, kwa hasira na kwa kujitapa, nilimweleza yote. Umri, ndoa, watoto, maradhi, nje ya nchi, na picha ndogo ya uso. Nilipofika kwenye picha aliacha kutabasamu, akafuta kaunta iliyokuwa safi.

“Hatuna kijana, binti,” alisema. “Wala hapana posa. Umenifaa sana. Picha yako utarudishiwa.”

Hakutaka nilipe chai. Nilirudi Kibokoni kichwa juu, naona nimeshinda vita. Maneno yake kuwa hapana posa niliyachukua kama kukana kwa mtu aliyeshikwa. Ndivyo nilivyokuwa. Nikimkumbuka yule msichana akishuka Ndia Kuu na buibui lake linapepea kwa ushindi, natamani kumkimbilia nimrudishe, lakini hata ningemfikia asingenisikiliza.

Jumatano Bi Tumu hakuja. Jumamosi hakuja. Mama alilia kimya kimya jikoni, akirudisha vikombe kabatini kimoja kimoja, na kunilaumu bila ya kunitazama. Wiki ya pili ikapita. Jumatatu ya wiki ya tatu, saa tatu asubuhi, nikiwa nyumbani kwa homa, nilisikia hodi. Alikuwa yeye. Hakuwa na kikapu wala daftari. Alitoa picha yangu ndani ya leso, akaiweka mezani.

“Picha yako hii, mwanangu. Nilitaka kumwonyesha mpiga picha, aone mwanamke wa buibui hupigwaje za serikali, masikio nje au ndani. Niliona haya kumuuliza mwanamume.”

“Picha ya nini?” Sauti yangu niliisikia ikitoka mbali.

“Ya viza.”

Akanieleza, akiwa amesimama. Binti yake Swabaha aliolewa Uingereza, mji wa Leicester. Mimba yake ya kwanza ilifika miezi tisa, mtoto akazaliwa hapumui, na hapakuwa na mtu wa kwao hata mmoja wa kumshika mkono wala kumkanda maji moto. Sasa alikuwa na mimba ya pili, ya kujifungua Oktoba, na alimwandikia mama yake maneno mawili tu: nakuogopa kufa. Alikuwa na haraka, akakosea, alikusudia naogopa. Bi Tumu alitaka kwenda kumwangalia siku zake arubaini, kama anavyoangaliwa mzazi kwetu. Jaffar alikataa. Alisema ni aibu mwanamke mtu mzima kusafiri peke yake, lakini sababu ilikuwa kwenye kila meza ya mkahawa wake, imetiwa iliki na tui la nazi. Mahamri yale hakuna mwengine aliyeyaweza. Basi Bi Tumu akafanya mwenyewe kwa siri: paspoti alikuwa nayo tangu walipokwenda Umra, Swabaha akamtumia barua ya kumwalika, akapewa siku ya kuhojiwa Nairobi. Alisikia kuwa mkalimani aliwahi kumharibia jirani yake. Akasema atajijibia mwenyewe.

“Siku yenyewe lini?” niliuliza.

“Ilikuwa Alhamisi iliyopita.”

Jaffar alikuwa ameichukua paspoti jioni ile ile niliyokwenda Tudor. Aliitoa ndani ya debe la unga, kwani alijua dada yake ataficha wapi, akaenda nayo asikojua mtu.

Nilipiga magoti. Sioni haya kusema. Nilimshika miguu, nikalia kama mtoto, nikamwambia ni mimi, ni mimi niliyekwenda. “Najua ni wewe,” alisema. “Aliniambia. Inuka, sakafu baridi na wewe waumwa.” Ningependelea anipige. Mama yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na chai, akauliza, “Kwa hivyo huna mwana wa kiume kabisa?” Bi Tumu akacheka. Alicheka mpaka akalazimika kukaa, na machozi yakamtoka, na mimi sikuweza kujua ni machozi ya aina gani.

Niliuliza nifanye nini. Nilitaka kurudi kwa Jaffar nikamtukane mbele ya wateja wake. Alinikataza kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwake. “Yale ya nyumbani kwangu utaniachia mimi,” alisema.

Na aliyamaliza kwa njia yake. Kesho yake hakutia mkono ungani. Hakugomba, hakununa, alimpikia ndugu yake wali na mchuzi kama kawaida, akamwambia tu kuwa vidole vinamuuma. Jaffar akatafuta mpishi mwengine. Wateja wakauma mahamri mara moja na kuyaacha sahanini. Siku ya sita paspoti ilikuwa juu ya meza ya kulia, na hakuna aliyesema ilitoka wapi. Siku mpya ya Nairobi ikapatikana, lakini ni ya Novemba. Swabaha alijifungua tarehe kumi na tisa Oktoba, mtoto wa kike, mzima. Bi Tumu alimsikia mjukuu wake akilia kwenye simu ya posta, nami nilikuwa nimesimama nje ya kibanda cha simu, nikamwona akifunika kipaza sauti kwa kiganja ili binti yake asimsikie yeye.

Tukasoma. Sasa tulisoma kila siku, na maswali nilimuuliza mimi. Nilimweka kiti mbele ya dirisha, nikamfundisha kukaa, kutazama, kungoja swali liishe. Will you come back? Yes, I will. Who is going to pay? My daughter is. Alisema alitaka angalau zile siku za mwisho za arubaini, au hata zikishapita, ambebe tu. Alipopanda basi la Nairobi nilikuwa na hakika naye kuliko nilivyowahi kuwa na mwanafunzi yeyote.

Alirudi Jumatano. Nilimsikia kwenye ngazi na nikajua kwa mwendo wake.

“Wamekataa,” alisema.

Yote tuliyosoma aliulizwa, akayajibu. Mwanamke aliyemhoji dirishani alikuwa mwema, akamsifu. Kisha akafunua karatasi, akauliza jambo moja ambalo sikuwa nimelifikiria: mbona Septemba alipewa siku na hakuja?

“Ukamjibuje?”

“Nikanyamaza.”

“Hukulifahamu swali?”

“Nililifahamu. Aliniuliza mara tatu. Mara ya tatu aliandika kitu.”

Nilishikwa na hasira, si juu yake, juu yangu mwenyewe, lakini ilimshukia yeye. Nilimwambia angesema kweli. Nilimwambia wangemwonea huruma, wangempa muhuri palepale. Nilimuuliza kama ni maneno yaliyomshinda.

“Jaffar na mimi baba mmoja, mama mmoja,” alisema Bi Tumu. “Nimvue nguo mbele ya mtu baki, dirishani, watu wamepiga foleni nyuma yangu?”

“Lakini ulijua kulisema?”

Alinitazama kama anayeona ajabu kuwa bado nauliza. Kisha akajiweka sawa mkekani, akalaza mikono juu ya magoti kama nilivyomfundisha, akasema polepole, bila ya kusita popote, “My brother has hidden my passport.”

Sentensi haikuwa na kosa hata moja. Nilimwambia hivyo.